Baba aliacha madaftari 17 ya siri za majirani. Tuyafanyeje?

nyar_manyatta

Wanajukwaa, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Tulimzika baba mwezi Februari, kwao Gem. Jua lilikuwa kali, na kabla hata ibada haijaanza, watu wa Manyatta, mtaa wetu wa Kisumu, walikuwa wameshateremka kwenye basi moja na matatu mbili walizozichangia wenyewe. Hatukuwapangia usafiri. Kamati ya matanga ilikuwa imehesabu sahani za watu 300. Kufikia saa nane wali umeisha, akina mama wanabandika maji ya ugali upya. Shangazi yangu, dada yake baba, alinivuta kando ya tangi la maji akaninong'oneza: "Hawa wote wanamwita daktari. Ndugu yangu alisomea udaktari lini?"

Hakusomea. Baba alikuwa fundi wa baiskeli pale Kibuye. Mkaazi wa Kisumu wa miaka ile anajua baiskeli za boda zilivyojaa mjini, na kila moja ilikuwa na pancha yake ya kila siku. Kisha pikipiki zikaingia, tuktuk nazo, kazi ikapungua hadi ikawa siku nyingine anarudi na shilingi mia. Ni wakati huo huo, mwaka 2008, alipokwenda kufunzwa uhudumu wa afya ya jamii, ule mpango ambao wizara iliuanzisha 2006. Alipewa begi, fulana, rejista na orodha ya nyumba za kutembelea. Mshahara hakuna. Marupurupu hakuna. Mama aliuliza mara moja tu, "Na sabuni ya kufua hiyo fulana?" Baba akacheka.

Sasa nyumba ya kwanza kwenye rejista yake ilikuwa yetu. Kila mwezi alitutembelea. Nasema kweli: alitoka nje, akafunga mlango, akapiga hodi. Mama alimjibu "karibu mgeni" akiwa amenuna. Baba alivua kofia, akakaa kiti cha wageni, si kile chake, akafungua rejista magotini. Mwezi huu kuna aliyeumwa? Watoto wanalala ndani ya neti? Maji ya kunywa mnayatibu? Kisha alizunguka nyuma kukagua choo anachokitumia mwenyewe kila asubuhi. Siku moja alituandika kwamba mtungi wa kunawia hauna sabuni, na aliyeimaliza ile sabuni ni yeye, akinawa grisi.

Nisimpake rangi ya malaika. Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha pili. Karo yangu ya muhula ilikuwa kwenye bahasha, chini ya godoro. Usiku mmoja mama wa mtaa wa pili alishikwa na uchungu, mumewe yuko safarini, na wakati ule kujifungua hospitalini kulikuwa bado kunalipiwa. Baba aliita tuktuk, wakaenda Russia, na bahasha ikaenda nao. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule nikakaa wiki mbili na nusu. Sikuongea naye. Alikuwa akija jioni ananiletea hesabu za kidato cha pili alizoziomba kwa mwalimu fulani, anaziweka mezani, anaondoka bila neno. Mtoto aliyezaliwa usiku ule simjui hadi leo. Sijui hata kama ni wa kike au wa kiume.

Na kuna hili la dawa ya malaria. Wazazi wenzangu wa huku ziwani mnaijua: mtoto anapewa dozi ya kwanza, ya pili baada ya muda wa saa nane, halafu asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Ukianza saa kumi na moja jioni, ya pili inaangukia saa saba usiku. Nani anaamka saa saba? Baba aliamka. Alitegesha saa ya mezani, ile ya kengele ya chuma inayoamsha hadi kuku, akachukua tochi akaenda kugonga mlango wa mtu. "Mama nani, amka, dawa ya mtoto." Mbwa wa Manyatta walimzoea. Mama yangu alilala macho wazi mpaka asikie komeo likifungwa tena, kisha anageukia ukutani. Nilikuwa nalala chumba cha pili, nasikia yote.

Sasa swali langu. Rejista za serikali tulizirudisha kituo cha afya, hilo halina mjadala. Lakini chini ya kitanda tulikuta madaftari 17 ya jalada gumu, yake binafsi. Kila ukurasa ni nyumba moja. Majina, miezi, na badala ya maelezo, michoro midogo midogo ya kalamu: gurudumu lenye spoki sita, keria ya baiskeli, cheni, pampu. Hata kwenye ukurasa wetu, mbele ya jina lake mwenyewe, amechora pampu. Nilidhani ni utani wa fundi.

Kaka yangu anataka tuyahifadhi, anasema ni historia. Mama anataka yachomwe. Mimi niko katikati. Mngefanyaje?

KijanaWaBahati

Pole sana dada. Umenikumbusha buda wangu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilipopasuka, sisi tuko upande wa Bahati, tulisikia kwa simu. Mzee alikuwa na kanta ya kubebea viazi. Hakuuliza mtu. Alishusha magunia yote kwenye matope, akaweka tochi na kamba, akanipandisha. Nilikuwa mdogo wa kuambiwa nibaki, lakini alisema anahitaji mtu wa kumulika. Yale niliyoyamulika sitayaandika hapa. Watu zaidi ya 40 walikufa usiku ule. Asubuhi alirudi akakuta nusu ya viazi vimekwenda, na mwenye viazi akamdai. Alilipa kwa miezi minane. Hajawahi kunieleza kwa nini alifanya vile na mimi sijawahi kumuuliza.

Kuhusu madaftari, hifadhi. Wajukuu watataka kuona.

msema_kweli_254

Pole kwa msiba. Lakini niruhusu niseme lisilopendeza.

Hawa wazee walitumiwa. Kuanzia 2006 hadi juzi, kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba ilibebwa na watu wasiolipwa, na wengi wao maskini kuliko hao wanaowatembelea. Septemba 2023 ndipo zikagawanywa zile begi 100,000 zenye vifaa na simu, wakaitwa wahamasishaji wa afya, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikaahidiwa, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Elfu tano! Gawanya kwa nyumba mia moja uone kila nyumba inathaminiwa kwa shilingi ngapi. Tunawasifu matangani kwa sababu sifa ni bure. Karo yako ya 2010 ilikuwa ruzuku kwa serikali, dada.

nyar_manyatta

@msema_kweli_254 sijakasirika. Hayo hayo nilimwambia baba mwenyewe mwaka 2016, nikiwa nimepata kazi na kichwa kimevimba. Alikuwa anaziba kiraka. Alisugua tyubu kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza, akanijibu: "Na yule mtoto saa saba usiku angekunywa dawa na hiyo hoja yako?" Sikuwa na jibu, na bado naona hoja yangu ilikuwa sahihi.

Mbunyala_halisi

Mimi ni wa Budalangi, na huku kujitolea si hiari. Mto Nzoia ukifura, mzee yeyote mwenye miguu yuko juu ya kingo na jembe. Baba yangu alilala kwenye kingo ile misimu sijui mingapi, akisikiliza maji. Alisema ukingo ukitaka kuvunjika huwa unatoa jasho kwanza upande wa nchi kavu, udongo unalowa pole pole kabla hata tundu halijaonekana. Akiona jasho anapuliza filimbi. Mwaka 2020, ziwa nalo lilipopanda kuliko kawaida, filimbi haikusaidia, kila mahali palikuwa maji. Tulihamia shuleni na ng'ombe wetu.

Alikufa kitandani, mkavu. Tulimzika na filimbi.

Madaftari? Kama ni siri za watu, zika au choma.

MwanaMwanza

Mkuu nyar_manyatta, poleni sana kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Samahani, Russia ni wapi tena? Mzee alimpeleka mjamzito Urusi kwa tuktuk? 😂

Mwl_Mstaafu

@MwanaMwanza ni hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, ile yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti mwishoni mwa miaka ya sitini, na jina la mtaani likagoma kutoka. Mwambie dereva yeyote wa tuktuk "Russia" atakufikisha.

Binti yangu, nilimfahamu baba yako. Baiskeli yangu ya kuendea shule ilikuwa mikononi mwake miaka mingi. Alikuwa na tabia ya kukuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina huku anazungusha gurudumu kusikiliza beringi, na ukidanganya kwamba wote wazima, anasimamisha gurudumu anakutazama. Zile hesabu za kidato cha pili, nadhani unajua zilitoka kwa nani. Sikujua kwamba ulikuwa humwongeleshi. Angeniambia ningezileta mwenyewe.

nesi_wa_zamu

Dada, mimi ni muuguzi, si wa kituo chenu. Ushauri wangu ni mmoja: mama yako yuko sahihi. Mhudumu wa afya ya jamii anajua nani anatumia dawa gani, nani alianza akaacha, mimba ya nani haijulikani nyumbani. Hizo habari ni za wenyewe. Tuna hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini weka sheria kando. Fikiria daftari moja liibiwe na mtoto wa jirani. Baba yako alichora badala ya kuandika kwa sababu hiyo hiyo.

Na tafadhali msianze kuitafsiri michoro hapa jukwaani.

fundi_kondele

Jamani, nimeusoma uzi huu mara tatu, natetemeka. Mimi nilifunzwa kazi na huyu mzee. Nilikaa naye Kibuye miaka minne, nikila chapati zake na kuharibu spoki zake. Matangani nilikuwa, nilisaidia kubeba viti.

Alikuwa akitoka kwenye ziara anakaa juu ya sanduku la vyuma, anachora. Nilimuuliza. Akaniambia michoro mitatu, kwa sharti nifunge mdomo. Nesi amekataza, lakini moja lazima niiseme kwa sababu ni ya mwenyewe na mwenyewe ametangulia.

Nyar, ile pampu si utani. Angalia pampu zinaanzia daftari la ngapi. Mashine ya kupimia ilikuja na lile begi jipya.

Keria na gurudumu la spoki sita utayajua mwenyewe ukifikiri. Ile ya cheni naijua pia, na hiyo sitaisema hapa wala kwingine.

nesi_wa_zamu

Asante fundi. Ishia hapo.

nyar_manyatta

Nimesoma ujumbe wa fundi saa nne usiku, nikaondoka kitandani nikaenda kuyavuta madaftari.

Pampu zinaanza daftari la 15, mwishoni mwa 2023. Sasa naona. Pampu ni presha.

Kwenye ukurasa wetu, baba ana pampu 14. Kwa majirani, pampu ikifuatiwa na alama ya vema, nadhani ni kwamba mtu alikwenda kliniki. Baba ana vema tano za mwanzo. Baada ya hapo ni pampu tupu, mwezi baada ya mwezi, zimechorwa vizuri kabisa, mpaka na kimpira cha mbele. Alijipima. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akajifunga ile mashine mkononi, akaandika.

Na spoki sita nimezielewa. Kuna ukurasa ambao spoki zimekolezwa moja moja, mwezi kwa mwezi, mpaka gurudumu limekamilika. Miezi sita ya dawa. Chini yake ameandika neno moja tu kwenye madaftari yote 17: "Imezunguka."

Cheni ziko nyingi. Nimefunga hapo.

Mwl_Mstaafu

Mganga hajigangi, walisema wahenga.

nyar_manyatta

Mwalimu, kwa heshima, hapa wahenga hawakumpata. Alijiganga miezi mitano. Nimemuuliza mama asubuhi hii kilichotokea mwezi wa sita. Alikuwa anachambua omena, hakuinua kichwa. Akasema: "Zile tembe zilikuwa zinamtoa haja ndogo kila nusu saa. Atakojoa wapi, kwenye nyumba za watu?"

nesi_wa_zamu

Hapo ndipo tunapowapoteza wanaume wengi, naandika hili kwa kila msomaji. Kuna dawa za presha zinazotoa maji mwilini, na mtu anayetembea mchana kutwa mtaani, au dereva, au mwalimu mbele ya darasa, anaona aibu. Badala ya kurudi kliniki kusema, anaacha. Jamani, semeni. Wakati mwingine ni kubadilisha muda wa kumeza tu, wakati mwingine dawa inabadilishwa kabisa. Presha haiumi, ndiyo maana mtu anadhani ameweza bila dawa.

Pole dada. Si kosa la mama yako, mwambie.

msema_kweli_254

Nafuta nusu ya niliyosema. Nusu nyingine inabaki.

KijanaWaBahati

Nimempigia mzee simu sasa hivi. Ameniuliza kama nimelewa. Lakini kesho anapimwa.

nyar_manyatta

Nimerudi, wiki mbili baadaye, niwajulishe tulivyomaliza. Wengi mmeniandikia faraghani, Mungu awabariki.

Tulikwenda Gem Ijumaa iliyopita. Kaka alikubali kwa shingo upande. Mama aliyachoma mwenyewe nyuma ya jiko, moja moja, na hakuruhusu mtu amsaidie. Jalada gumu haliungui upesi, likajikunja likawa linafuka moshi mweusi, na yeye amesimama pale pale anapangusa macho kwa ncha ya leso, hatukujua ni moshi au ni nini. Jirani alipita njiani akauliza tunachoma nini. Mama akajibu, "Majani."

Kabla ya kuchoma alichana kurasa za nyumba yetu kutoka madaftari yote 17. Kaka akazishona kwa uzi wa gunia, ndiyo hiyo historia yake. Jioni tulizisoma watatu, kwa taa ya sola. Mwaka 2010 kuna mstari mmoja mbele ya jina langu, amechora baiskeli nzima iliyolala ubavu, haina cheni, haina pampu, haina chochote. Fundi, kama unajua maana yake, usiniambie.

Ukurasa wa mwisho ni wa Januari, wiki tatu kabla hajaanguka. Pampu mbele ya jina lake, kama kawaida. Na chini yake, mbele ya jina la mama, pampu nyingine. Ya kwanza kabisa. Vema hakuna.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshaiona.

"Aliniambia niende kliniki," akasema. "Nikamwambia nitakwenda siku atakayokwenda yeye."

Kliniki ya presha ni Jumanne. Nimeomba ruhusa kazini, na fundi_kondele amesema atatuchukua kwa tuktuk ya shemeji yake saa moja asubuhi.